Ugomvi wa Tafsiri: Bob Rafelson, Njia ya Misafara ya Tabora na Kiswahili Kisichosikika katika Mountains of the Moon

Ikisiri

Makala haya yanaichunguza filamu Mountains of the Moon (1990) ya mwongozaji Mmarekani Bob Rafelson (1933–2022) kama sehemu ya maisha yake ya kazi na kama usimulizi wa njia ya kale ya misafara baina ya pwani, Tabora na maziwa makuu. Yanaeleza kwamba ufundi uliompatia Rafelson sifa katika sinema huru ya Marekani, yaani kumfuata mtu anayekimbia kwao bila kumhukumu, ndio uliomfanya auone ugomvi wa Richard Burton na John Hanning Speke kuwa mkasa wa urafiki uliovunjika. Kumbukumbu za Kazeh za mwaka 1858 zinaonyesha kwamba ugomvi huo ulikuwa pia ugomvi wa tafsiri, na kwamba Kiswahili kilikuwa katikati yake.

1. Utangulizi

Mojawapo ya filamu zinazotajwa zaidi kuhusu njia ya misafara ya Unyamwezi haikupigwa picha Unyamwezi. Mountains of the Moon, iliyotoka mwaka 1990, ilipigwa Kenya na Uingereza, ingawa kisa chake kinafuata njia iliyoanzia pwani mkabala na Unguja, ikapita Ugogo, ikafika Kazeh katika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Filamu hii ilitokana na riwaya ya William Harrison, Burton and Speke, iliyochapishwa mwaka 1982. Harrison na Rafelson ndio waliouandika mswada wa filamu kwa pamoja.

Uhakiki wa filamu za aina hii kwa kawaida huuliza kama Mwafrika ameonyeshwa kwa heshima au kwa dharau. Swali hilo ni halali, lakini limekwisha kujibiwa mara nyingi, na mara nyingi kwa namna ileile. Makala haya yanauliza jambo jingine: watu hawa walikuwa wakisema lugha gani? Msafara wa mamia ya kilomita, wenye Waingereza wawili, askari wa Kibaluchi, Mwarabu wa Unguja kama mkuu wa msafara, watumwa wa pwani na wapagazi wa bara, haukuweza kusonga hata siku moja bila mkalimani. Filamu inayousimulia msafara huo lazima iamue namna ya kuushughulikia ukalimani. Uamuzi wa Rafelson unaeleweka tu tukiijua kazi yake ya awali, kwa hiyo tunaanzia huko.

2. Mwongozaji na watu wake wasio na mjibu

Rafelson alizaliwa New York mwaka 1933 katika ukoo uliokuwa na mguu mmoja ndani ya sinema: Samson Raphaelson, mwandishi wa tamthilia iliyozaa filamu The Jazz Singer, alikuwa jamaa yake. Alisoma falsafa katika Chuo cha Dartmouth. Baadaye, akiwa mwanajeshi nchini Japani, alitangaza muziki katika redio ya jeshi, akatafsiri filamu za Kijapani, na akaishauri kampuni ya Shochiku kuhusu filamu zipi zingeweza kupata watazamaji Marekani. Wanaoandika juu yake hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Kwa msomaji wa jarida hili halistahili kupitwa haraka hivyo. Mtu aliyeingia katika sinema kwa mlango wa tafsiri anatarajiwa kujua kwamba maneno hayavuki kutoka lugha moja hadi nyingine bila kulipa ushuru.

Jina na fedha alivipata mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1966 yeye na Bert Schneider walianzisha The Monkees, mfululizo wa televisheni kuhusu bendi ya vijana iliyobuniwa kwa ajili ya mfululizo huo wenyewe. Mwaka 1967 ulipata tuzo ya Emmy. Mwaka 1968 Rafelson aliongoza Head, filamu aliyoiandika pamoja na Jack Nicholson, ambayo iliivunjavunja taswira ya bendi hiyo mbele ya mashabiki wake na ikakosa watazamaji. Lakini faida ya televisheni ilikuwa imekwisha kufungua njia. Kampuni yao ndiyo iliyotayarisha Easy Rider (1969), iliyoongozwa na Dennis Hopper kwa gharama isiyofika dola nusu milioni na kuingiza makumi ya mamilioni. Steve Blauner alipojiunga nao, kampuni ikaitwa BBS, kwa herufi za kwanza za majina yao matatu. Mapatano yao na studio ya Columbia yalikuwa mepesi: bajeti iwe ndogo, na studio isimwingilie mwongozaji. Katika miaka michache BBS ilitoa Five Easy Pieces (1970), The Last Picture Show (1971) ya Peter Bogdanovich, The King of Marvin Gardens (1972), na filamu ya hali halisi ya Peter Davis kuhusu vita vya Vietnam, Hearts and Minds (1974), iliyopata tuzo ya Oscar. Ni vigumu kuieleza sinema huru ya Marekani ya muongo ule bila kuitaja kampuni hii.

Five Easy Pieces, iliyoteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ndiyo ufunguo wa kazi yake. Bobby Dupea, aliyelelewa kwa piano katika familia ya wanamuziki, ameikimbia familia hiyo na anafanya kazi ya kibarua katika visima vya mafuta vya California. Baba yake anapougua, anarudi kumwona. Katika onyesho linalokumbukwa zaidi anajaribu kumweleza baba huyo kwa nini amekuwa akihama kila mara. Baba amepooza na hawezi kusema. Mwishowe Bobby anamwacha mwenzake Rayette kwenye kituo cha mafuta na kupanda lori linalokwenda kaskazini. Hakuna anayemlaumu, na filamu haimlaumu. The King of Marvin Gardens inaanza kwa mtu anayesimulia habari za maisha yake redioni usiku, akiwaambia wasikilizaji asiowaona. Katika filamu zote mbili mhusika mkuu anasema kwa kirefu na hakuna wa kumjibu. Hapo ndipo penye umahiri wa Rafelson, na sidhani kama kuna mwongozaji wa Kimarekani wa rika lake aliyeufikia upweke wa usemi kwa uchungu na utulivu kama ule.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Stay Hungry ilitoka mwaka 1976. Aliondolewa katika upigaji picha wa Brubaker muda mfupi baada ya kuanza. Akarudi na The Postman Always Rings Twice (1981) na Black Widow (1987). Hizo tunaziacha. Alipofikia kisa cha Burton na Speke alikuwa na umri wa miaka 50 na ushei, na kwa mara ya kwanza alikuwa na fedha za filamu kubwa, kutoka kampuni ya Carolco. Mpiga picha alikuwa Roger Deakins. Patrick Bergin aliigiza kama Burton, Iain Glen kama Speke, Fiona Shaw kama Isabel, mke wa Burton. Filamu haikurudisha gharama zake. Mapato yake katika kumbi za Marekani yalikuwa takriban dola milioni 4. Sifa ilizipata zaidi kwa wahakiki na kwa watu waliokuwa wameyasoma maandishi ya Burton.

Ukiyatazama hayo yote kwa mfuatano, si ajabu kwamba Burton alimvutia. Ni Bobby Dupea wa karne ya 19: msomi aliyejifunza lugha zaidi ya 20 na ambaye hawezi kukaa kwao. Speke ndiye mwenzake anayeachwa njiani, au anayemwacha. Rafelson aliongoza kisa hiki kama alivyoviongoza vingine, kwa subira, kwa picha ndefu, bila kumpa mtazamaji mtu wa kumchukia, isipokuwa labda Laurence Oliphant, anayeigizwa na Richard E. Grant, anayemtia Speke maneno ya fitina. Urafiki unavunjika kwa kiburi, kwa woga na kwa fitina hiyo. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wa hadhara uliopangwa kufanyika Bath, Speke anakufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Kama kisa cha Waingereza wawili, filamu hii ni nzuri, na haitapungua uzuri kwa yatakayosemwa hapa chini.

3. Kazeh, 1858: nani alisema nini kwa lugha gani

Msafara wa Burton na Speke uliondoka Unguja mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh tarehe 7 Novemba. Kazeh haikuwa kambi ya porini. Ilikuwa makazi ya wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe iliyotawaliwa na mtemi Fundikira, na ilikuwa njia panda: barabara moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine ilirudi pwani. Kati ya wakubwa wake walikuwamo Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi, na Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat. Burton, aliyekijua Kiarabu vizuri, alikuwa kama nyumbani katika baraza la Snay. Kutoka kwake alipata habari za nchi na za maziwa, pamoja na msaada katika kukusanya maneno ya lugha za bara. Kwa maneno mengine, kitabu cha Burton cha mwaka 1860, The Lake Regions of Central Africa, kwa sehemu kubwa kilitungwa barazani Kazeh, kwa mdomo wa Mwarabu aliyekuwa akifupisha yale aliyoyasikia kwa Kiswahili na Kinyamwezi.

Speke alikuwa nje ya baraza hilo. Hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha pekee ya huku aliyoweza kuitumia ilikuwa Kihindustani, aliyojifunza akiwa ofisa wa jeshi nchini India, na mtu pekee wa msafara aliyeweza kuzungumza naye kwa lugha hiyo kwa ukaribu alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa Gujarat. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Afrika Mashariki na kuingia katika askari wa Sultani wa Unguja katika ngome iliyokuwa karibu na Pangani. Hapo ndipo Burton na Speke walipompata mwaka 1857. Urafiki wa Speke na Afrika ya bara ulipita katika kinywa cha mtu huyu mmoja.

Julai 1858, baada ya kurudi kutoka Ziwa Tanganyika, Burton alibaki Kazeh akiugua na kuandika. Speke alikwenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza ya leo, akauliza linaishia wapi, akarudi Kazeh mwishoni mwa mwezi huo akiwa ameshawishika kwamba ameiona asili ya Nili. Burton alikataa. Hoja zake za kijiografia zinajulikana. Kinachosahauliwa ni hoja yake ya kiisimu, aliyoiandika waziwazi katika kitabu chake: kwamba Speke aliuliza kwa Kihindustani kibovu, Bombay hakuelewa sawasawa, akakitafsiri alichokielewa kwa Kiswahili kwa mtu aliyewahi kusafiri, na huyo naye akakipeleka kwa wenyeji kwa lugha yao, na jibu likarudi kwa ngazi hizohizo, kila ngazi ikiongeza kosa lake.

Maneno ya Burton yana kejeli, na kejeli yake haimwachi salama mtu yeyote katika mnyororo huo, Bombay akiwamo. Tena, Burton mwenyewe alikuwa akiegemea mnyororo wa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wake uliishia kwa Kiarabu, na Kiarabu alikiamini. Lakini ukiiondoa kejeli, kinabaki kitu ambacho wanaisimu wa leo wangekiita uchambuzi wa ukalimani wa mfuatano kati ya lugha tatu. Mgogoro mkubwa kuliko yote katika historia ya uchunguzi wa Nili ulikuwa, kwa mmoja wa wahusika wake wakuu, suala la tafsiri. Na katika mnyororo ule, kiungo cha katikati, kilichouunganisha upande wa wageni na upande wa wenyeji, kilikuwa Kiswahili.

Katika filamu ya Rafelson jambo hili halina nafasi. Kiingereza ndicho kinachokibeba kisa. Lugha nyingine zinabaki pembeni kama sauti za mazingira. Kazeh ya mabaraza, ya Snay na Musa Mzuri, haiongozi mkondo wa kisa. Badala ya Fundikira na siasa za Unyanyembe, mtazamaji anakutana na mtawala aitwaye Ngola, jina linalomkumbusha mwanahistoria cheo cha wafalme wa Ndongo, upande wa Angola, kuliko watemi wa Unyamwezi. Matokeo yake ni kwamba ugomvi unaoanza Kazeh unaonekana kuanza moyoni. Mtazamaji anajua Speke alimwonea Burton wivu. Hajui kwamba Burton alitilia shaka sarufi ya Speke.

Si haki kusema kwamba Rafelson alipuuza. Mswada ulitoka katika riwaya, na riwaya ilitoka katika vitabu vya wasafiri. Hata hivyo, jambo moja laonekana wazi. Uhuru alioutafuta katika BBS ulikuwa uhuru dhidi ya studio: nani anakata filamu, nani anachagua mwigizaji, nani anaamua mwisho. Haukuwa uhuru dhidi ya nyaraka. Mwongozaji anaweza kuwa huru kabisa mbele ya wakubwa wa Hollywood na bado akawa mfungwa wa daftari la Burton, akiona kile Burton alichokiona na kuwasikia wale Burton aliowasikia. Na katika filamu hii hata Burton hakusikilizwa mpaka mwisho, maana ukurasa wake wenye manufaa zaidi kwa sinema ya mazungumzo ndio ulioachwa.

4. Msamiati wa njia

Kilichopotea kwa kuinyamazisha lugha ya msafara kinapimika vizuri zaidi katika msamiati. Mfano ulio bora ni hongo. Katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, hongo ni malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala ili upite katika nchi yake: nguo, shanga, nyaya za shaba. Ugogo ulijulikana kwa hongo kubwa, na siku kadhaa zilipotea katika kupatana. Wazungu waliyaita unyang'anyi. Kwa watawala ilikuwa kodi ya njia, maji na ulinzi, na kwa mpagazi mzoefu ilikuwa sehemu ya hesabu ya safari. Leo neno hilo lina maana ya rushwa tu. Historia ya mabadiliko hayo, kutoka ushuru halali wa mtemi hadi kosa la jinai, ni historia fupi ya namna mamlaka ya bara yalivyoporomoka. Mtu anayetumia neno hongo mahakamani leo anatumia neno ambalo upande mmoja wa mazungumzo ulishinda na upande mwingine ukasahauliwa. Filamu inayoonyesha mapatano hayo bila kulitaja neno inamwachia mtazamaji tafsiri moja tu, ile ya Mzungu anayesubiri kwa hasira.

Posho nayo ilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho. Ndilo neno lililohamia katika mishahara na vikao vya Tanzania, katika vinu vya kusagia mahindi vya Kenya, na katika sahani ya Uganda, ambako posho ni ugali. Migomo ya wapagazi ilihusu posho mara nyingi kama ilivyohusu mzigo. Stephen Rockel, katika Carriers of Culture (2006), ameonyesha kwamba Wanyamwezi hao walikuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye taaluma, desturi na heshima ya kazi yao. Kutoroka kwao, ambako wasafiri walikuita uvivu au usaliti, kulikuwa silaha ya mfanyakazi. Mtazamaji asiyelisikia neno posho atabaki na usaliti.

Halafu kuna kirangozi, kama Burton alivyoandika, yaani kiongozi: mpagazi aliyetangulia mbele ya safu, mwenye bendera nyekundu, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Neno hilo leo ni la marais na wenyeviti. Shina lake, -ongoz-, ndilo lililotupa pia mwongozaji wa filamu. Nalitaja hilo si kwa mzaha tu. Kiongozi wa msafara hakuwa mwenye mali wala mwenye safari. Alikuwa mtu aliyeijua njia, naye mwenye mali alimfuata.

5. Bombay na Mabruki

Paul Onsongo anamwigiza Sidi Bombay, na Delroy Lindo anamwigiza Mabruki. Wote wawili wana haiba kubwa kuliko nafasi waliyopewa, na ni sifa ya Rafelson kwamba aliwapa waigizaji hawa uso wa karibu na muda wa kunyamaza. Lakini tuzilinganishe nyaraka. Mabruki wa filamu ni kiumbe wa mswada kuliko wa historia. Mabruki wa historia aliishi kuendelea na kazi ya misafara kwa miaka mingi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akitafuta watu wa kumsindikiza kwenda kumtafuta Livingstone, alimwajiri yeye pamoja na Bombay na wengine waliowahi kufuatana na Speke. Bombay aliandamana na Speke na Grant hadi Nili kati ya mwaka 1860 na 1863, kisha na Stanley, kisha na Verney Lovett Cameron katika safari ya 1873–1875 iliyovuka bara hadi pwani ya Atlantiki. Alifariki mwaka 1885. Katika jumla ya safari hizo, Bombay alitembea sehemu kubwa zaidi ya Afrika kuliko Burton na Speke kwa pamoja.

Kwa mwongozaji wa Five Easy Pieces hapa palikuwa na mhusika mkuu. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto, aliyepoteza jina lake la Kiyao, aliyepewa jina la mji wa ng'ambo, aliyerudi katika bara lake kwa lugha ya kigeni na kuishi kwa kuyabeba maneno ya wengine: upweke wa usemi hauwezi kuwa mkubwa zaidi ya huo. Yeye hasa ndiye asiye na mjibu. Kila sentensi aliyoisema kazini ilikuwa ya mtu mwingine. Rafelson alikuwa na zana zote za kumwona, akamweka kando ya fremu. Naona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko kosa lolote la kihistoria katika filamu, kwa sababu ni hasara kwa vigezo vyake mwenyewe.

6. Maandishi yaliyokuwapo, na sinema ya Kiswahili

Mtu anaweza kujibu kwamba mwaka 1990 hapakuwa na chanzo kingine. Chanzo kilikuwapo, tena kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1959. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa amekwisha kuchapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wenye masimulizi ya Sleman bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya kibiashara katika bara. Si maandishi yasiyo na lawama. Tippu Tip anasimulia vita na utekaji kwa sauti ya mtu anayesoma daftari la biashara, na watumwa katika maandishi yake wana idadi kuliko majina. Ila katika maandishi haya mazungumzo yanachukua nafasi kubwa: watu wanaulizana, wanakatazana, wanapatana bei, wanadanganyana. Ni maandishi ya watu wa njia panda, na muundo wake wa majibizano unakaribia muundo wa filamu kuliko ule wa kitabu chochote cha msafiri wa Kizungu.

Sinema ya Tanzania ina uzoefu wa kuyafanya maandishi kuwa picha, ingawa haijawa na fedha za Carolco. Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora kabla ya kuwa mwanasiasa, aliigiza katika filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikiwamo Muhogo Mchungu. Martin Mhando na Ron Mulvihill waliongoza Maangamizi: The Ancient One (2001), ambamo daktari Mmarekani mweusi anamkuta mgonjwa wa Kitanzania aliyenyamaza kwa miaka mingi, ukimya hapo una historia, na filamu nzima ni kazi ya kuusubiri ufunguke. Ilikuwa filamu ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ya pili ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Shivji aliuweka Unguja wa miaka ya 1950 katika Kiswahili, na wakoloni ndio wanaoingia humo kama wageni wa lugha. Kwa kipimo cha makala haya, uamuzi huo ni mkubwa kuliko uzuri wa picha zake, ambao umesifiwa sana.

Hata hivyo, uamuzi wa Shivji hauwezi kuhamishwa hivihivi kutoka Unguja hadi Kazeh. Unguja wa Yasmin na Denge ni mji wa Waswahili. Kazeh ya 1858 ilikuwa katika nchi ya Wanyamwezi, na Kiswahili kilifika huko kikiwa lugha ya msafara, lugha ya waungwana wa pwani waliowaita wenyeji washenzi. Filamu ya Tabora itakayosemwa yote kwa Kiswahili sanifu, mtemi na mpagazi na mama muuza mtama wakiwa na lafudhi moja, itamfanyia Mnyamwezi kile ambacho Mountains of the Moon ilimfanyia Mswahili. Mwongozaji atakayekwenda huko atalazimika kuamua ni wapi Kinyamwezi kisikike bila maandishi ya tafsiri chini ya picha, ni wapi Kihindustani cha Bombay kieleweke kwa Speke tu, na ni nani katika ukumbi wa Tabora, wa Dar es Salaam au wa Toronto atakayeachwa kwa dakika chache akiwa hajui kinachosemwa, kama Speke alivyoachwa barazani kwa Snay bin Amir.